Kiolezo cha Miraba ya Origami: Pima Mara Moja, Kata Mara Elfu

Kila wiki natumiwa picha ya korongo wa origami, yaani wa karatasi iliyokunjwa, mwenye shingo iliyopinda. Mwenye picha huapa kwamba alifuata hatua zote, na mara nyingi ni kweli, kukunja amekunja vizuri. Mambo yaliharibika kabla hajakunja, pale alipokata karatasi. Alidhani ana mraba mkononi, kumbe ana kitu kinachofanana na mraba.

Jumamosi huwa nakaa kibarazani kwetu Nyakato, Mwanza, na watoto wa jirani tukikunja karatasi, na makosa nimeyaona ya kila rangi. Rula iliteleza. Penseli ilikuwa butu. Karatasi ilikunjwa kona kwa kona kisha ikachanwa kwa ukucha. Mkasi ulikuwa wa jikoni, ule uliomaliza ukali wake kwenye mapezi ya sato. Kila mtoto huahidi kwamba safari ijayo atapima kwa makini zaidi. Safari ijayo anapima kwa makini kweli, na mraba unapinda upande mwingine.

Dawa ni kuacha kupima. Unapima siku moja tu, kwenye kipande kigumu, unakihakiki mpaka kisiwe na ubishi, na kuanzia hapo karatasi zote zinafuata kipande hicho. Hicho ndicho kiolezo. Changu kilinichukua mchana mmoja, na tangu siku hiyo sijagusa rula ninapokata karatasi.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya vyote kwanza. Ukianza kutafuta msasa katikati ya kazi utaishia kutumia kitu kingine, na hapo ndipo ubovu unapoingilia.

- Kipande cha alukobondi cha unene wa milimita 3 au 4, kisichopungua sentimita 16 kwa 16
- Rula ya chuma ya sentimita 30
- Gonia ya seremala, ambayo mafundi wengi siku hizi huiita skwea
- Penseli ngumu ya 2H, au sindano nene ya kuchorea alama
- Tupa bapa
- Msasa wa namba 120, 240 na 400, karatasi moja moja
- Kipande cha mbao kilichorandwa pande zote, urefu wa kiganja
- Kisu cha karatasi, kile ambacho wembe wake huvunjwa kipande kipande, pamoja na wembe wa akiba
- Kipande cha kapeti la plastiki la sakafuni, la kukatia juu yake
- Manila moja ya kufanyia majaribio
- Gundi, na kifuniko cha chupa cha kuwa kishikio
- Karatasi za A4 za gramu 80, nyeupe au za rangi

Alukobondi ni yale mabamba yanayobandikwa kwenye mbele za maduka na mabango: ngozi mbili nyembamba za alumini na plastiki katikati. Kwa mafundi wa mabango mjini, vipande vilivyobaki hujaa kwenye pembe ya karakana. Mimi nilipewa viwili kwa soda mbili, na fundi akanikatia kabisa kwa msumeno wa chuma.

Wengi huniuliza kuhusu kioo. Kioo cha milimita 5 ni kizuri sana, maana wembe haukili na unaona karatasi iliyo chini yake. Lakini ukishakatiwa vibaya huwezi kukirekebisha nyumbani, na nyumba yenye watoto na sakafu ya saruji haimalizi mwezi bila kukivunja. Akriliki huliwa na wembe kidogo kidogo mpaka ukingo unakuwa na mabonde. Hadibodi hulowa hewa na kuvimba. Bati usilijaribu kabisa. Ni jembamba mno, wembe hupanda juu yake na kinachofuata ni kidole. Unene wa milimita 3 kwenda juu ndio ukuta unaokulinda.

## Hatua ya 1: Chagua kipimo kwa kuitazama A4

Vitabu vingi vya origami husema sentimita 15 kwa 15. Hiyo ni saizi ya karatasi zinazouzwa tayari zimekatwa, na sisi hatuna. Tuna A4, na A4 ni milimita 210 kwa 297.

Sasa fanya hesabu. Miraba miwili ya sentimita 15 inahitaji milimita 300, na urefu wa A4 ni 297. Umekosa milimita tatu tu! Kwa hiyo kila karatasi inakupa mraba mmoja, na karibu theluthi mbili ya rimu inaishia kwenye kikapu cha taka.

Ukishuka hadi sentimita 14.5, mambo yanabadilika. Ikate A4 katikati kwanza, upate vipande viwili vya milimita 148.5 kwa 210. Kila kipande kinatoa mraba mmoja wa milimita 145, na kinabaki na nafasi ya zaidi ya milimita moja na nusu kila upande ya kupitisha wembe. Rimu ya karatasi 500 inakupa miraba 1,000 badala ya 500. Na korongo wa sentimita 14.5 akisimama karibu na mwenzake wa 15, hakuna atakayewatofautisha.

Kwa kazi za kuunganisha vipande vingi, kama moduli ya Sonobe (kipande kilichokunjwa ambacho huchomekwa kwenye wenzake), ambayo 6 hufanya mchemraba na 30 hufanya mpira wenye miiba, tengeneza kiolezo cha pili cha sentimita 9.5. A4 ikikatwa mara tatu kwa urefu hutoa vipande vya milimita 99 kamili, na kila kimoja kinabeba miraba miwili ya 95. Karatasi tano tu, mpira umetimia. Ungeng'ang'ania sentimita 10 ungepata miraba minne kwa karatasi na kuhitaji karatasi nane.

Mwongozo huu utatumia 14.5.

## Hatua ya 2: Zihakiki rula na gonia kabla hujaziamini

Hatua hii watu huiruka, kisha wanalaumu mikono yao.

Anza na rula. Chora mstari mrefu kwa kufuata ukingo wake. Igeuze kichwa kiende mkiani, ukingo uleule urudi kwenye mstari uleule, uchore tena. Mistari miwili ikilala pamoja, rula imenyooka. Ikiachana katikati kama midomo, rula ina tumbo. Rula nyingi za plastiki za kwenye mkebe wa shule hushindwa mtihani huu zikiwa na mwaka mmoja tu, hasa zilizowahi kutumiwa kwa upanga.

Gonia nayo ina mtihani wake. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa meza au ubao, chora mstari wa kwenda juu, kisha igeuze iangalie upande wa pili na uchore mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikifunikana, pembe ni mraba kweli. Ikiachana, umbali unaouona ni mara mbili ya kosa la gonia yako. Hii ni bahati, kwa sababu hata kosa dogo linajitangaza.

Gonia ikishindwa, usikate tamaa. Waashi hupata pembe mraba kwa kamba tu, kwa hesabu ya tatu, nne, tano. Kwenye kipande chetu utatumia 9, 12 na 15. Pima sentimita 9 upande mmoja kutoka konani na 12 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe 15 kamili. Ukipungua, pembe imefunga. Ukizidi, imefunguka.

## Hatua ya 3: Chora mraba

Chagua ukingo mmoja wa alukobondi uliotoka kiwandani, usiokatwa na fundi. Huo kwa kawaida ndio ulionyooka kuliko yote. Uhakikishe kwa rula dhidi ya mwanga wa dirisha, mwanga usipenye katikati.

Chonga penseli iwe kama mwiba. Mstari wa penseli butu hufikia nusu milimita, na ukiwa na mistari minne ya namna hiyo utakuwa umepoteza milimita nzima bila kukosea popote. Sindano ni bora zaidi, kwa sababu inaacha mkwaruzo mwembamba kwenye alumini usiofutika kwa jasho la mkono.

Usianzie kupima kwenye sifuri. Mwisho wa rula huchakaa kwa kuangushwa, na sifuri ndiyo ya kwanza kufa. Weka alama ya 1 kwenye kona na usome kwenye 15.5. Halafu jikumbushe kwa sauti kwamba umeongeza moja. Nilisahau mara moja, nikatengeneza kiolezo kizuri ajabu cha sentimita 13.5. Bado ninacho, nakitumia kuwekea sufuria ya moto.

Chora upande wa pili kwa gonia kutoka kona ya kwanza, kisha wa tatu kutoka kona ya pili. Pima sentimita 14.5 kwenye kila mmoja wa hiyo pande mbili na uunganishe alama kupata upande wa nne.

Kabla hujakata, pima kona kwa kona. Ulalo wa mraba wa 14.5 ni sentimita 20.5. Pima wa kwanza, pima na wa pili. Vyote viwili viwe 20.5, na muhimu zaidi vilingane.

Watu huniuliza kwa nini pande nne sawa hazitoshi. Chukua kiberiti, panga njiti nne ziwe umbo la mraba, kisha lisukume pembeni kidogo. Pande bado ni sawa zote, ila umbo limelala. Ukiwa na kosa la milimita 1 la kulala hivyo, tofauti ya vipimo vya kona kwa kona inakuwa karibu milimita 1.4, kwa hiyo ulalo unakuza kosa ambalo upande unalificha. Lakini nao ulalo una udhaifu wake, kwani mstatili una ulalo sawa pande zote mbili. Ndiyo maana tunapima vyote, pande na kona.

## Hatua ya 4: Kata nje ya mstari, kisha sugua mpaka kwenye mstari

Usikate juu ya mstari. Kata milimita moja nje yake. Msumeno hauna adabu, na ukishaingia ndani ya mstari hakuna gundi ya kurudisha alumini. Kama fundi anakukatia, mwambie hivyo kabla hajawasha mashine, maana fundi akishaona mstari hupenda kuufuata.

Sasa tupa. Bana alukobondi kati ya ubao na ukingo wa meza, sehemu ndogo ikitokeza, na upitishe tupa kwa mwendo mrefu wa kusukuma, bila kurudisha nyuma huku umekandamiza. Ukikaribia mstari weka tupa chini.

Sehemu ndogo ya mwisho ni kazi ya msasa, na hapa uwe mpole. Laza msasa wa namba 120 juu ya kioo cha dirisha au tailizi bapa. Simamisha kipande cha mbao juu yake, egemeza alukobondi kwenye mbao ili isimame wima, na usugue vyote viwili pamoja kwenda mbele na nyuma. Bila mbao mkono hutikisika, ukingo unakuwa wa mviringo, na wembe hautakuwa na ukuta wa kufuata. Endelea na 240. Simama ukiona mkwaruzo wa sindano umebaki nusu.

Utajua umefanikiwa pale ukingo utakaposimama juu ya kioo wenyewe, bila kushikwa, na mwanga usipite chini.

Tahadhari moja: alumini iliyokatwa huacha manyoya makali. Pitisha msasa wa 400 kwa upole kwenye kila kona ya ukingo, mara mbili tu. Na vumbi lake si la kupuliza kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kibichi.

## Hatua ya 5: Jaribio la robo mzunguko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukiijua hatua hii moja huhitaji kuamini rula ya mtu yeyote.

Weka kiolezo juu ya manila. Tia nukta ya kalamu kwenye kona moja ya kiolezo. Kishike kisisogee, na uchore kukizunguka kwa penseli iliyochongwa, ukiishika penseli kwa mlalo uleule pande zote nne. Sasa kiinue, kigeuze robo mzunguko ili nukta ihamie kona inayofuata, na ukirudishe ndani ya mchoro uleule.

Kikiingia sawasawa, bila kubakiza pengo upande wowote, una mraba. Mstatili hauwezi kufaulu jaribio hili, kwa sababu upande mrefu unakuja mahali pa upande mfupi. Umbo lililolala haliwezi kufaulu, kwa sababu pembe pana inakuja mahali pa pembe finyu. Umbo la pande nne zilizonyooka linalorudi mahali pake kwa robo mzunguko ni mraba tu. Namba huna haja nazo hapa.

Kisipoingia, pengo lenyewe linakuambia tatizo:

Kimezidi pande mbili zinazotazamana na kimepungua zile nyingine, kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Ni mstatili. Sugua ukingo mmoja tu wa mwisho wa urefu, kidogo kidogo, hadi uingie.

Pengo ni kama kabari, pana kona hii na kwisha kona ile. Pembe haiko sawa. Tafuta kona inayotokeza nje ya mchoro, na usugue ukingo huo ukikandamiza zaidi upande wa kona hiyo.

Kona zote nne zinaingia lakini katikati ya ukingo panatokeza. Una tumbo. Rudi kwenye kioo na msasa, na usikandamize mwisho wa ukingo.

Kila ukisugua, chora mchoro mpya. Wa zamani ulichorwa na umbo ambalo halipo tena. Mimi nilirudia mara tano, na mara ya nne nilikuwa nimeshakasirika kiasi cha kukiacha na kwenda kunywa chai. Mara ya tano kiliingia.

Baada ya kufaulu, kipime tena. Pengine sasa ni milimita 144.6 badala ya 145. Usijali hata kidogo. Origami haijui sentimita, inajua kama pande ni sawa na pembe ni sawa. Miraba yote itakuwa 144.6, na hilo ndilo tunalolitaka.

## Hatua ya 6: Msasa wa chini na kishikio

Alumini juu ya karatasi huteleza kama sabuni. Lazima chini pawe na kitu cha kung'ang'ania.

Mara ya kwanza nilibandika vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Vilishika vizuri mno, lakini tyubu ni nene, ikainua kiolezo kikawa kinaelea zaidi ya milimita moja juu ya karatasi. Wembe ukaingia chini ya ukingo kila nilipokandamiza, na juu ya hayo mpira ukaacha madoa meusi kwenye karatasi nyeupe. Nikaubandua wote.

Kinachofaa ni msasa wa namba 400. Kata vipande vinne vyembamba, upana wa sentimita moja na urefu wa sita, uvibandike chini ya kiolezo, sentimita moja na nusu ndani ya kila ukingo. Tumia gundi kidogo uipake nyembamba, halafu uweke kiolezo chini ya vitabu vizito mpaka gundi ikauke. Msasa huu ni mwembamba, haukinyanyui kiolezo, na mikwaruzo yake kwenye karatasi haionekani.

Juu, katikati, bandika kifuniko cha chupa kikubwa au kitasa kidogo cha droo. Kazi yake kubwa ni kuviweka vidole katikati, mbali na njia ya wembe.

Umefanikiwa kama ukikandamiza kwa vidole vitatu na kukisukuma pembeni, karatasi inakwenda nacho.

## Hatua ya 7: Kukata karatasi

Funga madirisha yanayotazama ziwani. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuja nchi kavu, na hauombi ruhusa ya kuingia. Nimeokota miraba hadi kwa jirani.

Kunja A4 katikati na uikate kwenye mkunjo upate nusu mbili. Mkato huu hauhitaji kuwa safi, maana pande zake zote zitaondolewa. Panga nusu tatu, zisizidi tano, juu ya kapeti la plastiki. Ukizidisha, wembe huanza kulala ukiteremka, na karatasi ya chini inatoka na saizi yake yenyewe.

Weka kiolezo juu ili ubakize utepe mwembamba kila upande. Usiegemee ukingo wa karatasi hata kama unaonekana umenyooka. Ukiutumia kama upande wa mraba wako, unarithi makosa ya aliyeikata kabla yako. Kata pande zote nne.

Vunja kipande cha wembe upate ncha mpya. Shika kisu wima, ubavu wake ukigusa ukingo wa kiolezo, na ukivute kuelekea kwako. Mpito wa kwanza uwe mwepesi, wa kuchora njia tu. Wa pili na wa tatu ndio unaokata. Anayekandamiza kwa mpito mmoja huisukuma karatasi badala ya kuikata.

Ukimaliza upande mmoja, usiinue kiolezo. Mkono ukiwa bado umekandamiza, zungusha kapeti lote kwa robo ili upande unaofuata uje mbele yako. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanainua kiolezo watazame kama imekatika, wanakirudisha "palepale", na palepale haipo. Ikiwa haijakatika utajua, utepe hautatoka.

Ukikata vizuri, pande zote nne hutoa utepe mzima unaodondoka wenyewe, na ukingo wa karatasi ni laini bila manyoya. Manyoya maana yake wembe umechoka. Vunja tena. Vile vipande vilivyovunjwa vitie kwenye kopo lenye mfuniko. Visiende kwenye taka wazi ambako mtoto au kuku atavifikia. Kukata ni kazi ya mtu mzima. Kibarazani kwangu watoto hukunja, mimi hukata, na jambo hilo halina mjadala.

Kile kipande kipana cha karibu milimita 63 kilichobaki kwenye upande mrefu wa nusu ya A4 usikitupe. Kinatoa miraba miwili ya sentimita 6 kwa wenye vidole vidogo.

## Hatua ya 8: Kagua rundo

Chukua miraba kumi. Igeuze mmoja mmoja kwa zamu, wa kwanza uache, wa pili uzungushe robo, wa tatu uache, hivyo hadi mwisho. Gonga rundo mezani ili zipangike, kisha pitisha kidole kwenye ubavu wake. Ukisikia ulaini kama kitabu, miraba yako ni sawa. Ukisikia ngazi, rudi kwenye hatua ya 7, na mara nyingi utagundua kiolezo kilisogea.

Halafu kunja mmoja kona kwa kona. Tumia karatasi yenye rangi upande mmoja kama unayo, kwani rangi haidanganyi. Kingo zikutane bila mstari mweupe kuchungulia. Kunja na ulalo wa pili. Mikunjo ikipishana katikati kabisa na kila ncha ikiwa kali, korongo wako atatoka na mdomo ulionyooka.

## Hewa ya ziwani

Karatasi ni nyuzi za mti, nazo hunywa unyevu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, rimu iliyofunguliwa na kuachwa juu ya kabati huku Mwanza hukunjamana pembeni bila kuguswa. Nyuzi zikilowa hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo karatasi hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mraba uliokatwa sawasawa jana unaweza leo kuwa mstatili kwa kiasi kidogo, na kwenye mpira wa vipande 30 kiasi hicho kidogo hujumlishwa mara 30.

Kwa hiyo fungua rimu unapokata, irudishe kwenye mfuko wa nailoni na uufunge. Miraba nayo iwekwe kwenye nailoni, chini ya kitabu kizito. Miraba ya mpira mmoja ikatwe siku moja, kutoka rimu moja.

Kujua nyuzi zimelala upande gani, ikunje A4 kwa kuibonyeza tu, bila kuweka mkunjo, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Inakokubali kirahisi, nyuzi zinakwenda sambamba na mkunjo huo. Tia kijinukta cha penseli kwenye kona ileile ya kila mraba kabla ya kuupanga, ili ukikunja moduli zote zielekee upande mmoja. Kwa korongo mmoja sihangaiki na jambo hili.

## Ukitaka kiolezo cha pili

Usikinakili kutoka kwa cha kwanza kwa kukizungushia penseli. Mstari wa penseli huongeza upana wake kila upande, na nakala ya nakala huongeza tena. Mwenzangu mmoja wa Igoma alifanya hivyo kwa ajili ya wanafunzi wake sita, na wa sita alikuwa na mraba ulioupita wa kwanza kwa karibu milimita nne.

Rudi kwenye hatua ya 3 na uanze na rula. Kwa kile cha sentimita 9.5, soma kutoka 1 hadi 10.5, ulalo uwe sentimita 13.4, na kwa pembe mraba tumia 6, 8 na 10, maana 12 haitaenea. Kikishafaulu robo mzunguko, kwaruza kipimo chake juu kwa sindano. Vikiwa viwili ndani ya droo moja, saa za jioni umeme ukiwa umekatika, vinafanana.